Jua Haliingii Ndani ya Pipa

Ninyi mnaorithi mabati yangu ya kusafishia maji, nawaomba msicheke. Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Uzee haujafika, ni kifua kilichokataa. Kwa miaka saba nilikoroga unga mweupe bila kufunga kitambaa puani, kwa sababu nikikifunga miwani yangu inapata ukungu, na mimi sikuweza kuvumilia kusoma mizani kupitia ukungu. Nilitaka kipimo sahihi. Nimekipata, pamoja na kikohozi. Basi jambo la kwanza nawaambia hapa mlangoni, kabla hamjavua viatu: fungeni kitambaa, kiloweshwe kidogo, na unga muutilie maji polepole, usije ukaruka. Miwani ikipata ukungu, ngojeni.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wengi wenu mmetoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, au mmekuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Mantapala, na Kibemba chenu bado kinachechemea. Mama yangu naye alivuka ziwa hili akitoka Pweto kabla sijazaliwa. Alinizaa hapa Nchelenge, akanifundisha kuhesabu kwa Kiswahili na kusali kwa Kibemba. Kemia hakunifundisha mtu. Shule niliiacha darasa la kumi. Niliyoyajua niliyasoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nikiwa nimekaa juu ya ukuta wa karakana ambako mtandao ulikuwa unapatikana, na kila nilichosoma nilikisoma mara tano kwa hofu kwamba nimeelewa vibaya. Mara nyingi nilikuwa nimeelewa vibaya.

Kazi yenyewe ni hii. Karakana ya Mama Numbi inatia rangi vitambaa. Wanawake wanafunga kitambaa cheupe kwa kamba, wanakichovya, wanakifungua, na maua yanatokea. Kitambaa kimoja kinasuuzwa hata mara nne. Maji ya kusuuza yana rangi, na zamani yalikuwa yanateremka kwa mfereji moja kwa moja mpaka ziwani. Kazi yangu ilikuwa kuyaondolea ile rangi kabla hayajafika.

Nitamwelezea Mama Numbi sasa, maana wengine wenu mmemkuta tayari anatembea na fimbo. Alikuwa mwanamke mpana wa Kilwa ya kule ng'ambo, si ile ya pwani, mwenye mikono ya bluu hadi kwenye viwiko, hata Jumapili. Siku za ushirika mchungaji alikuwa anaiangalia mikono ile kwanza, kisha ndipo anatoa mkate. Hakuwa amesoma zaidi ya kuandika jina lake, lakini sijawahi kuona mtu anayekumbuka rangi kama yeye. Ungemletea uzi uliochomolewa kwenye gauni la miaka mitatu iliyopita, angekwambia lilichovywa siku gani, na nani, na kwamba siku ile soda, yaani magadi ya kushikisha rangi, ilizidi.

Unga wenyewe tuliletewa na mtu wa chuo kutoka Copperbelt, ambaye tulimwita Dokta tu. Alikuja kiangazi kimoja kupima maji ya ziwa, akauona mfereji wetu wa bluu, akasimama hapo muda mrefu. Mwaka uliofuata alirudi na mfuko wa unga na karatasi nne alizoandika kwa mkono. Alikaa siku mbili, akaondoka, na namba yake ya simu ikafa. Karatasi zile nilizisoma mpaka zikachanika kwenye mikunjo.

Unga ule kwa macho ni kama unga wa muhogo uliopepetwa vizuri. Ni ndugu wa ile nyeupe inayotiwa kwenye rangi za ukutani. Tofauti ni kwamba umetengenezwa uwe na matundu, madogo kiasi kwamba hakuna jicho litakaloyaona wala sindano itakayoyafikia. Wenye vitabu huyaita ya nano. Mimi nilikuwa nafikiria nyumba yenye vyumba elfu ndani ya punje moja ya unga. Rangi inaingia vyumbani na kushika kuta. Halafu jua likizipiga zile kuta, zinaamka. Zinachukua maji na hewa iliyomo majini, zinatengeneza kitu kikali, na kitu hicho kinaikatakata rangi mpaka inakuwa vipande ambavyo si rangi tena. Unga wenyewe haupungui. Kesho unaanza upya.

Nilipoelewa hivyo nilishuka ukutani nikakaa chini mchangani. Kitu kinachofanya kazi bila kuliwa, kinachokula mwanga tu, na mwanga sisi tunao mpaka tunaukimbia. Hata leo nikiona bati la maji ya bluu linapauka kuanzia asubuhi mpaka mchana, najikuta nimesimama na mdomo wazi. Msiache kushangaa. Atakayekuja akasema ni jambo la kawaida, mwacheni apite.

Ila unga ukiumwaga majini hivi hivi, hutautoa tena. Ndiyo maana tunaubandika kwenye udongo uliochomwa. Udongo wa mfinyanzi unachanganywa na vumbi la mbao, unachomwa, vumbi linaungua na kuacha matundu, kisha unauchovya kwenye uji wa unga na kuuchoma tena kidogo. Hapo kwenye "kidogo" ndipo nilipopotea katika mwaka wangu wa kwanza. Karatasi ya Dokta ilisema moto usizidi. Mimi nikajiuliza, kama moto wa saa mbili unashikisha unga, si wa saa sita utashikisha vizuri zaidi? Nikatengeneza gololi, za mviringo kabisa, kila moja nikiipitisha kwenye tundu la kifuniko ili zote zilingane. Nikazichoma siku nzima. Zilitoka ngumu, zinang'aa, zinalia kama sahani ukizigonganisha. Nilizipanga kwenye kitambaa nikamwita Mama Numbi.

Alichukua moja niliyoichoma pamoja nazo bila kuitia unga, akaiweka kwenye ulimi. Akaitoa.

"Hii imekufa," akasema.

"Lakini mama, angalia ilivyo imara."

"Hata jiwe iko imara. Wakati nilikuwa na mimba ya mutoto wa kwanza, nilikuwa nakulaka udongo. Udongo muzuri unakamataka ulimi. Hii inateleza tu. Ulipika sana, ulifunga milango yote."

Nikajaribu mwenyewe. Kweli, iliteleza. Matundu yalikuwa yameyeyuka na kuziba. Kazi ya wiki sita, na kila mwanamke sokoni aliyewahi kununua udongo wa kula angeniambia hilo bure. Tangu siku ile kipimo chetu ni ulimi, na mwendelee nacho: kigae kilichochomwa vizuri kinaushika ulimi mpaka inabidi ukivute. Lakini jaribuni kabla ya kutia unga, si baada. Nasema hivyo kwa sababu mmoja wetu alijaribu baada. Huyo nilikuwa mimi.

Mambo mengine madogo, kabla sijasahau. Maji ya kwanza ya kusuuza, yale yanayoteleza mkononi kwa soda, msiyapeleke kwenye mabati peke yake. Yachanganyeni na maji ya ziwa, maana soda na chumvi vinakaa kwenye vyumba na kuifungia rangi nje. Msifunike mabati kwa kioo cha dirisha. Nilifanya hivyo kuwazuia bata, na kazi ya siku moja ikawa siku tatu, kwa sababu ule mwanga mkali unaohitajika haupiti vizuri kwenye kioo. Bata wafukuzeni kwa mdomo. Na maji yakiwa meupe si ya kunywa. Ni ya kurudisha ziwani bila aibu. Mtu akija na kikombe, mnyang'anyeni.

Sasa niwaambie kwa nini karakana bado iko ufukweni, maana mnaikuta iko hapo mnadhani ilikuwa hivyo siku zote.

Chini ya mfereji wetu, hatua kama thelathini, ndipo Bana Mwape alipokuwa anaanika chisense. Wageni wanadhani hilo ni jina lake. Maana yake ni mama wa Mwape, kama kwetu tunavyosema Mama Numbi. Alikuwa mwembamba, mwepesi, na mwenye sauti iliyokuwa inafika majini kabla ya mitumbwi kufika ufukweni. Chisense mnawajua, wale samaki wadogo kama kidole cha mtoto. Alikuwa anawatandaza juu ya mchanga msafi tangu asubuhi, na jua la siku moja likiwa zuri, jioni wako tayari kwa gunia. Wanunuzi wake walikuwa Wakongo, na Kiswahili chake alikipata kwao, cha sokoni, kilichochanganywa na Kibemba.

Msimu mmoja rangi ya mfereji ilipenya mchangani. Hatukuona. Bana Mwape naye hakuona, mpaka gunia lake moja liliporudi kutoka ng'ambo. Alikuja nalo karakanani, akalimwaga mbele ya mlango. Chisense walikuwa na matumbo ya bluu.

"Samaki yangu imerudi na boti," akasema, "kama bibi mwenye alifukuzwa na bwana yake. Muniambie nitaiozesha kwa nani."

Hakuna aliyecheka, ingawa nadhani alitaka mmoja wetu acheke ili apate pa kuanzia. Akaenda halmashauri. Afisa akaja, mtu mpole mwenye daftari, akaangalia mfereji, akaangalia mchanga. Akasema kwa Kibemba kwamba karakana ihame ufukweni, iende juu barabarani, isipokuwa tumwonyeshe kwa macho yake maji ya rangi yakisafika. Akataja Jumatatu moja, wiki tatu mbele.

Kuhama maana yake ilikuwa kufa. Kutia rangi ni maji, maji, maji. Wanawake sita, wawili wao wa Mantapala waliokuwa wanatembea tangu alfajiri kuja kazini, wangebebaje ndoo mia kwa siku kupanda mlima ule? Mama Numbi hakunitisha. Aliniambia tu, "Bea, ile gololi yako njo itasema." Yaani ndiyo ituamulie. Akaondoka kwenda kuchovya. Mimi niliona afadhali angenipigia kelele.

Nilikuwa na gololi mpya wakati huo, zilizochomwa vizuri, zinazoshika ulimi. Karatasi ya tatu ya Dokta ilisema: weka mahali penye jua. Nikachukua pipa la plastiki, jeusi, nikaliweka katikati ya uwanja ambako hakuna kivuli hata kimoja. Nikajaza maji ya bluu, nikamwaga gololi, na kwa sababu ya vumbi la barabara na wale bata, nikalifunika kwa mfuniko wake. Mimi sipendi kitu kiingiwe na vumbi.

Mnaona tayari. Mimi sikuona. Kwetu jua ni kukausha, na kukausha ni joto. Nililishika pipa mchana, likaniunguza kiganja, nikasema jua linafanya kazi. Pipa lilikuwa mahali penye jua. Ndani ya pipa sikufikiria.

Na kesho yake maji yalikuwa meupe.

Niwaambieni ukweli, nililia. Nilichota kwenye glasi nikawazungushia wanawake wote. Nikamwaga, nikajaza tena bluu, siku iliyofuata tena meupe. Wiki mbili nzima nilikuwa mtu mwenye furaha, jambo ambalo watu wa nyumbani kwetu walilitilia shaka. Baadaye ikawa inachukua siku mbili. Kisha, Ijumaa kabla ya ile Jumatatu, niliinua mfuniko nikakuta bluu ileile niliyoiacha.

Nikachukua gololi moja nikaipasua kwa jiwe. Ilikuwa bluu mpaka katikati. Nikachukua nyingine tano nikaziloweka kwenye maji ya soda, inayofukuza rangi vyumbani, na rangi ikaanza kutoka, taratibu, kama moshi, mpaka bakuli zima likawa bluu. Hakuna kilichokatwakatwa. Gololi zangu zilikuwa zimeificha rangi tu, kama mtu anayefagia uchafu chini ya mkeka, na sasa chini ya mkeka pamejaa.

Hapa ndipo panapoumiza kuandika. Chini ya kitanda changu kulikuwa na ndoo ya gololi mpya ambazo hazijaguswa. Nilijua kabisa kwamba nikiziweka Jumatatu, afisa atayaona maji ya bluu asubuhi na meupe jioni. Angeandika. Angeondoka. Karakana ingebaki. Nililala na wazo hilo na kuamka nalo. Halikunitisha kwa sababu ni baya. Lilinitisha kwa sababu lingefanya kazi vizuri kabisa, bila kasoro hata moja, na mimi ni mtu wa kupenda vitu visivyo na kasoro.

Jumamosi asubuhi nilimpelekea Mama Numbi ile gololi iliyopasuka. Nikamwambia yote, na ya ndoo ya chini ya kitanda pia. Aliigeuza gololi mkononi, bluu juu ya bluu.

"Nani mwengine anajua?"

"Hakuna, mama."

"Bon, sawa. Vaa viatu."

Nilidhani tunakwenda kanisani. Alinipeleka hatua thelathini chini ya mfereji.

Bana Mwape alikuwa amepiga magoti, anatandaza samaki. Hakuinuka. Mama Numbi, ambaye hakuwa amesalimiana naye tangu siku ya gunia, alikaa mchangani mbele yake kwa shida, miguu mbele, akamwita mama kwa Kibemba, "Mayo, huyu mutoto alikosea. Mueleze, Bea."

Nikaeleza. Unga, vyumba, jua, pipa. Nilipofika kwenye mfuniko, Bana Mwape aliacha kutandaza.

"Ngoja. Ni dawa ya jua?"

"Ndiyo, mayo."

"Na uliitia ndani ya pipa."

"Ndiyo."

"Pipa nyeusi."

"Ndiyo, mayo."

"Ukafunika."

Nikavua miwani, nikaipangusa.

"Awe, mwe bantu," akashangaa kwa Kibemba, akimgeukia Mama Numbi kana kwamba mimi ndiye gunia lililorudi. "Mimi nikitia chisense ndani ya pipa nafunika, harufu itafika Chienge mbele ya basi."

Mama Numbi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na Bana Mwape akacheka, na mimi nikasimama pale na miwani yangu. Halafu Bana Mwape akainuka, akanishika mkono, akaniinamisha juu ya samaki wake.

"Angalia. Mmoja, mmoja, mmoja. Hakuna mwenye analala juu ya mwenzake. Ukitandaza mbili mbili, ya juu inakauka, ya chini inaoza. Jua haiingiaka ndani, inakaaka juu. Kama unataka ikule, tandaza. Na nyembamba. Samaki munene tunapasua tumbo."

Kiganja chake kilikuwa kinapita juu ya samaki bila kuwagusa, kama mtu anayenyoosha shuka. Wiki tatu nilikuwa nimesoma karatasi nne, na jibu lilikuwa limetandazwa hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu kila siku ya Mungu.

"Na hii ya muviringo," akaongeza, akaiinua gololi yangu, "hii ni samaki munene. Pasua."

Nilikuwa nimeviringisha gololi zile kwa miezi. Kila moja ilipita kwenye tundu la kifuniko. Siku ile niliketi na nyundo uani, nikazipasua zote, zile za pipani na zile za chini ya kitanda, mpaka zikawa vigae vyembamba vya kila umbo, vibaya, vyenye ncha. Nilipofika kwenye ndoo ya zile mpya mkono ulikataa. Mama Numbi alinyoosha mkono wa bluu, akachukua nyundo, akapasua ya kwanza, akanirudishia. Nikaendelea.

Wanawake walikunja kingo za mabati bapa matatu, wakayapaka rangi ya mafuta, na kila moja likawa na kizibo cha kutolea maji. Tulitandaza vigae vya bluu safu moja, tukamwaga maji ya mfereji yenye kina cha vidole viwili. Bakuli moja la vigae vipya na maji yaleyale tulilifunika kwa kitambaa kizito tukaliweka ndani, likae gizani. Hilo lilikuwa wazo langu, na ndilo ninalojivunia mpaka leo: kama giza nalo linasafisha, basi jua halijafanya kitu. Msiache kamwe kuweka bakuli la giza. Ndilo pekee litakalowaambia mnapojidanganya.

Jumapili nilitaka kubaki nilinde mabati. Mama Numbi akanivuta kanisani. "Sisi tunapumuzika," akasema. "Jua ikiwa inatumika kazi leo, ni mambo yake." Niliimba bila kusikia ninachoimba. Tuliporudi mchana, vigae vilivyokuwa bluu vilikuwa vimepauka kuwa rangi ya anga. Vingine, vile vyembamba kabisa, vilikuwa vyeupe. Hakuna aliyeviosha. Vilikuwa vimekula vilichokificha. Nilipiga magoti kando ya bati nikavihesabu vile vyeupe, na kila nikifika mwisho nikaanza tena, mpaka Mama Numbi aliponiambia nikale.

Jumatatu afisa alikuja na daftari lake. Bana Mwape alikuja pia, maana yeye ndiye mlalamikaji, na beseni la chisense wabichi kichwani kwa sababu kazi haingoji. Bati letu halikuwa zuri. Maji yalikuwa yamepauka lakini yalibakiwa na kivuli chembamba cha bluu ukiyatazama kwa pembeni, na mimi niliyatazama kwa pembeni tangu alfajiri. Bakuli la giza, lililokuwa na vigae vingi vipya, lilikuwa na maji meupe kuliko bati. Afisa alilichungulia akasema kwa Kibemba, "Hili ndilo safi zaidi. Mngenionyesha hili tu."

"Hilo ni la uongo, mukwai," nikasema kwa heshima.

Mama Numbi alifumba macho. Nikamwambia afisa yote. Nikatoa kigae kimoja kwenye bakuli na kimoja kwenye bati, nikaviweka kwenye sahani mbili, nikavimwagia maji ya soda. Cha gizani kikatoa bluu mpaka sahani ikajaa. Cha jua kikakaa, kikakaa, kikatoa uzi mmoja mwembamba wa rangi, halafu basi. Nikamwambia kwamba bati halijamaliza, linahitaji siku nyingine moja au mbili, na siku za mawingu zaidi, na mvua zikianza sijui tutafanyaje. Nilikuwa naiharibu karakana kwa mdomo wangu mwenyewe na sikuweza kunyamaza.

Afisa hakuandika. Alimgeukia Bana Mwape akamuuliza, mayo anasemaje.

Bana Mwape alishusha beseni. Alikwenda kwenye bati, akatia kidole, akakitazama. "Fungua," akaniambia.

Nikachomoa kizibo. Maji yalishuka kwenye mfereji, tukawa tunayafuata kwa miguu, sote, afisa na viatu vyake vya ofisi, mpaka kwenye mchanga wake. Yalisambaa, yakanywewa. Bana Mwape aliinama akakwangua mchanga ule kwa kiganja, akauangalia kwa karibu, akautupa, akakwangua wa chini yake. Ulikuwa na rangi ya mchanga.

Akalichukua beseni lake. Akapiga magoti pale pale pembeni ya mfereji, akaanza kutandaza. Mmoja, mmoja, mmoja.

Afisa akamuuliza kama hiyo ina maana ameondoa malalamiko. Akatandaza mwingine. Afisa akafungua daftari akaandika, na akamwambia Mama Numbi kwamba tubaki, na kwamba atapita tena mvua zikianza, na tena zikiisha, na tusijaribu kumpikia chakula. Mama Numbi alinishika bega kwa nguvu. Alama za vidole vyake vya bluu zilibaki kwenye blauzi yangu, na sijawahi kuzitia kwenye bati.

Mimi nilikuwa bado nimesimama juu ya wale samaki, nataka kushukuru, nataka kuuliza kama kweli mchanga ni msafi au ametuhurumia, nataka aangalie tena ili nihakikishe.

"Bea," akasema Bana Mwape bila kuinua kichwa.

"Mayo."

"Usisimame hapo. Unatia kivuli."

Nikasogea.